Natafuta tafiti za watoto waliotoka mahabusu: napata maelfu au sifuri

mwanafunzi_ustawi

Habari zenu wana jukwaa. Niko mwaka wa mwisho, ustawi wa jamii. Tasnifu yangu inahusu watoto wanaotoka mahabusu ya watoto na kurudi nyumbani. Nilifanya mafunzo ya vitendo huko wiki nane. Kuna kijana wa miaka 15 aliachiwa siku ya Alhamisi, nikamsindikiza mpaka getini na mfuko wake wa nailoni. Wiki ya sita karudi. Kwenye jalada lake liliongezwa neno moja tu: "Amerudi." Tangu siku ile nataka kujua ni nini hutokea katika wiki kama hizo, na nani amewahi kulichunguza jambo hilo kwa makini.

Mwezi huu maktaba yetu imetangaza kwamba imefungua hifadhidata mbili kwa majaribio ya siku 30, Criminal Justice Abstracts (ya tafiti za jinai) na Social Services Abstracts (ya tafiti za ustawi). Nilifurahi sana. Lakini nimekesha nazo siku tatu: nikiandika "juvenile delinquency" napata maelfu ya makala, nikiandika swali langu zima napata sifuri. Halafu makala niliyoisoma mchana maktabani, nikiifungua usiku chumbani naambiwa nilipie. Zimebaki siku 19. Nianzie wapi?

mkutubi_wa_zamu

Pole mdogo wangu. Mimi niko dawati la marejeo mwaka wa kumi na moja sasa, na wanafunzi wa ustawi na wa jinai ndio wanaonijia sana na shida kama yako.

La usiku ni jepesi. Ukiwa chuoni, mchapishaji anakutambua kwa mtandao wa chuo. Ukitoka nje, kwake wewe ni mgeni. Anzia kwenye ukurasa wa maktaba, bofya jina la hifadhidata hapohapo, weka namba ya usajili na nywila yako, ndipo utafute. Ukiingia moja kwa moja kutoka Google utakuta mlango umefungwa hata kama chuo kimeshalipia.

Kubwa ni maneno. Mtoto wako yuleyule ana majina mengi, inategemea ni nani anaandika. Kanuni za Beijing za 1985, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu haki kwa watoto wanaotuhumiwa makosa, zinamwita "juvenile". Maandishi mengi ya haki za mtoto yaliyofuata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 yanasema "children in conflict with the law". Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa yenyewe imebadili lugha: Maoni yake ya Jumla (ufafanuzi wake wa Mkataba huo) namba 10 ya mwaka 2007 yalizungumzia "juvenile justice", na namba 24 ya 2019, yaliyochukua nafasi yake, yanasema "child justice". Ukitafuta kwa neno moja unapata kizazi kimoja cha waandishi na kukosa kingine. Hata kurudi nyumbani nako kuna majina yake: wa jinai husema "reentry", wa ustawi husema "aftercare" au "reintegration".

Kwa hiyo usiandike sentensi. Andika hivi kwenye visanduku viwili:

juvenile* OR child* OR youth*
reentry OR aftercare OR reintegrat*

Unganisha visanduku kwa AND. Kinyota kinakuletea miisho yote ya neno. Kundi la maneno linalokwenda pamoja lifungie ndani ya alama za kunukuu. Maelfu yako yatapungua yenyewe. Ukipata makala moja tu inayogusa wiki zile sita, acha kutafuta kwanza. Soma maneno ya mada yaliyoorodheshwa chini ya ikisiri yake, hayo ndiyo maneno ambayo hifadhidata inayaelewa, kisha uone nani ameinukuu baadaye. Makala moja nzuri ina ndugu wengi.

jinai_mwaka_wa_tatu

Naongezea kwa upande wetu. Utakapoanza kusoma kuhusu kurudia kosa, angalia kila mtafiti amepima nini. Kuna anayehesabu kukamatwa tena, kuna anayehesabu kutiwa hatiani tena, na kuna anayehesabu kurudishwa kizuizini. Watoto walewale wanaweza kutoa majibu matatu tofauti ya asilimia. Mimi nililinganisha tafiti mbili bila kuliona hilo, ikabidi niandike sura nzima upya.

Pia ingia Campbell Collaboration, ipo tangu 2000 na mapitio yake husomwa bure. Wanakusanya tafiti za jambo moja na kuzipima kwa pamoja, ya uhalifu na ya ustawi. Yapo mapitio ya programu za kuwapeleka vijana gerezani ili waogope. Yalionyesha kwamba vijana waliopelekwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya makosa kuliko wasiopelekwa. Nilipoyasoma nilikaa kimya muda mrefu, maana mtaani kila mtu mzima angekwambia zinasaidia.

mkutubi_wa_zamu

Asante kwa hilo la vipimo. Jingine, kabla siku 19 hazijaisha: usihifadhi viungo peke yake, majaribio yakifungwa vitakufa. Pakua makala zenyewe na uweke taarifa zake kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni ya bure. Na mambo ya lile jalada usiyaweke humo. Mtoto yule hakukuruhusu.

mwanafunzi_ustawi

Nimerudi. Nimefanya kama mlivyosema na nimebaki na makala 64. Ya kwanza niliyoisoma yote inahusu mwezi wa kwanza baada ya kuachiwa: shule inayosita kumpokea mtoto, mama anayefanya kazi usiku, afisa anayepiga simu mara moja basi. Nimeisoma mara mbili. Jalada nimeelewa, nitabaki na maandishi ya wazi. Ila kuna makala mbili za miaka ya tisini hazifunguki kokote. Ni kweli maktaba inaweza kuniazimia kutoka maktaba nyingine?

mkutubi_wa_zamu

Ni kweli, maktaba nyingi za vyuo hufanya hivyo. Mpelekee mkutubi wenu jina la jarida, mwaka, juzuu, toleo na kurasa. Akikuuliza unazihitaji lini, mpe tarehe halisi, usimwambie "haraka".