Kompresa ya mifuko ya hewa inaunguza fyuzi, umeme niuchukue wapi?

Kifaru
Wakuu, nimefungiwa mifuko ya hewa nyuma ili gari lisikae kitako nikipakia mzigo. Kompresa iko kwenye buti, kibandiko chake kinasema volti 12, hadi ampea 23. Fundi alichukua umeme kwenye soketi ya kiberiti cha sigara kwa waya wa milimita mraba 1.5. Fyuzi ya 15 ikawa inakatika kila kompresa inapowaka, akaweka ya 30. Sasa haikatiki, ila waya unapata moto na kompresa inalemewa tenki likikaribia kujaa. Niache hivyo hivyo?

Fundi Nyaya
Usiache, mkuu. Chomoa hiyo fyuzi ya 30 leo. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, si kompresa. Hapo ulipofika kitakachoungua kwanza ni waya, nao umepita chini ya zulia.

Kompresa ipewe njia yake toka betri. Toa hasi ya betri kwanza, ndipo uanze. Vuta waya wa milimita mraba 10 hadi buti, na fyuzi ya 40 isikae mbali na betri, sentimita 20 hivi zinatosha, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Kisha relei ya ampea 40 (swichi inayowashwa na umeme mdogo wa koili yake): pini 30 ipokee waya wa fyuzi, 87 iende kompresa, 85 iende kwenye chuma cha bodi ya gari, yaani hasi. Pini 86 ipelekee umeme unaokuja ukifungua swichi ya gari, ukipitia kwanza kwenye swichi ya presha, ile inayozima kompresa tenki likijaa. Hili la swichi ya presha nalikazania kuliko yote. Ikibeba koili ya relei tu, haifiki hata ampea moja. Ukiibebesha mota nzima, pointi zake zinaungua na kugandana, kompresa haizimi tena, inajaza tu hadi valvu ya usalama ifunguke au mota ife.

Kifaru
Asante. Ila waya wa 10 si mnene mno kwa mota ndogo hivi?

Fundi Nyaya
Piga hesabu. Chukulia mita 5 toka betri hadi buti. Ampea 23 kwenye shaba ya 1.5 zinapoteza kama volti 1.3 njiani, kwenye ya 10 ni 0.2. Ndiyo maana yako inalemewa: mota inakosa volti pale pale presha inapoidai nguvu.

Binti Gereji
Na hasi nayo iwe nene vilevile. Kwangua rangi ya bodi hadi chuma king'ae, kaza kwa bolti, paka grisi juu. Kompresa ikiwa inazunguka, pima kwa multimeta kati ya hasi yake na hasi ya betri. Ukikuta nusu volti, rudi ukwangue tena. Waya ukipita tundu la chuma, valisha raba.

Kompresa ikiwa inawaka kila mara wakati gari limesimama tu, hapo usihangaike na nyaya, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mipira ya hewa uone panapotoa mapovu.