Ripoti ya ukaguzi: nyumba kubwa na SQ ya uani, kila kasoro iandikwe wapi?

Mkaguzi_Bamburi aliuliza:

Assalaam aleikum wadau. Swali langu ni la kupanga ripoti, si la ukaguzi wenyewe. Nyumba iko Nyali, Mombasa: nyumba kubwa ya ghorofa, na uani kuna SQ (nyumba ndogo ya watumishi) ya vyumba viwili yenye jiko na choo chake, anakaa mpangaji. Tangi la maji ni moja na liko juu ya slabu ya SQ, yaani paa lake la zege. Mita ya tokeni ni moja, shimo la maji taka ni moja. Nikifuata mpangilio wa kawaida wa paa, kuta, stima, maji, kasoro za nyumba zote mbili zinachanganyika na mnunuzi hajui ipi ni ya wapi. Nikiandika ripoti mbili, tangi na shimo vinatokea mara mbili na gharama inahesabiwa mara mbili. Nyinyi mnapangaje? Na kasoro inayoonekana SQ lakini imeanzia nyumba kubwa mnaiweka upande gani?

Kipimo_Tudor:

Waaleikum salaam ndugu. Ripoti iwe moja, yenye sehemu tatu: nyumba kubwa (N), SQ (S) na vya pamoja (P). Gawa kwa jengo kwanza, ndipo ndani ya kila jengo ufuate paa, kuta, stima, maji. Kila kasoro ipate namba yake: N-PAA-04, S-STM-01, P-MAJ-02. Namba ikishatolewa haihamishwi. Hata kasoro ikiondolewa, usiipe nyingine namba ile, maana fundi huenda ameshaandika makadirio yake kwa namba hiyo.

Swali lako la pili ndilo zito. Kasoro huandikwa kwenye chanzo, si kwenye dalili. Tuseme ukuta wa SQ uliopakana na nyumba kubwa una unyevu hadi sm 90 kutoka sakafuni, na bomba la maji ya mvua la nyumba kubwa limeachia kwenye kiungo hapo juu yake. Bomba ni N-PAA-04. Plasta iliyomomonyoka ni S-UKT-02, kwa sababu ni kazi nyingine na ina bei yake, lakini chini yake uandike wazi: "Isipigwe plasta kabla N-PAA-04 haijatengenezwa na ukuta kukauka." Usipoandika hivyo, fundi wa plasta ataitwa kwanza kwa kuwa yeye ni rahisi, na baada ya mvua moja ukuta unarudi vilevile.

Kama chanzo hakijulikani, iweke pale dalili ilipo, andika "chanzo hakijathibitishwa" na utaje kipimo kitakachokithibitisha. Usikisie.

Tangi lako hilo liangaliwe sana. Lita 5,000 likijaa ni tani 5, na slabu nyingi za uani hazikupigiwa hesabu ya mzigo huo. Tangi ni P, slabu ni S. Gonga upande wa chini wa slabu kwa nyundo ndogo: pakitoa mlio wa kitu kitupu ndani, zege limeachana na nondo. Hapa pwani chumvi ya hewani, mchanga wa baharini usiooshwa na maji ya kisima yaliyokorogea zege huozesha nondo mapema. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana zege hupasuka na kudondoka. "Nondo zina kutu" haitoshi. Ondoa kutu iliyolegea, pima unene kwa vernia (kipimo cha kubana), kisha andika: nondo ya mm 12 imebaki mm 9, urefu ulio wazi sm 140. Hapo mhandisi ana kitu cha kufanyia kazi.

Stima_Kisauni:

Naongeza upande wa stima tu. Mita na waya mkubwa viko P. Waya unaotoka nyumba kubwa kwenda uani pia uwe P, usiuweke S, kwani ndipo matatizo mengi yalipo. Chora mstari mmoja tu: mita, kisanduku cha nyumba kubwa, breka inayolisha SQ, saizi ya waya, urefu wake, kisanduku cha SQ. Mchoro wa nusu ukurasa unasaidia kuliko maelezo marefu.

Kasoro ya kawaida ni SQ kulishwa kwa waya wa mm² 2.5 uliochomolewa kwenye laini ya soketi, kisha ikafungwa shawa ya maji moto ya wati 5,500. Hiyo kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Breka ya ampea 20 inakatika mara kwa mara watu wakioga, fundi anaibadilisha kwa ya 32, inaacha kukatika, na sasa kinachopata moto ni waya ndani ya ukuta. Kwa mita 30 za waya huo unapoteza pia karibu volti 12 njiani. Kwa hiyo usiandike "breka ni kubwa mno" peke yake. Andika breka na waya kwa pamoja, namba moja, daraja la hatari.

Jaribu swichi ya kinga ya miliampea 30 (ile inayokata stima ikivuja) kwa kila jengo, na ufuate waya wa athi, yaani wa kupeleka stima iliyovuja ardhini, hadi uani. Mara nyingi umeishia njiani.

Uani_Likoni:

Maji taka nayo yafanyiwe kipimo kabla ya kuandikwa P. Shimo moja halimaanishi vyoo vyote vinaingia humo. Fungua menholi, mwaga rangi ya chakula nyekundu kwenye choo cha SQ, vuta maji mara tatu, tazama inakotokea. Kisha rangi ya buluu nyumba kubwa. Bomba la uani lililoongezwa baadaye huweza kukutwa limepelekwa moja kwa moja kwenye shimo la kufyonza bila kupitia tangi la septiki. Mwinuko pia: bomba la inchi 4 kwa mteremko wa 1 kwa 40 linahitaji kushuka sm 30 kwa mita 12, na uani mara nyingi hakuna kina hicho.

Kama pana kisima, pima umbali wake hadi shimo kwa futi kamba na uuandike. Chini yetu ni mwamba wa matumbawe wenye mianya, maji machafu husafiri humo bila kuchujwa, kwa hiyo umbali hauondoi haja ya kupeleka maji maabara.

Mkaguzi_Bamburi:

Shukran sana. Mpangaji anataka nakala, na chumba kimoja cha SQ kilikuwa kimefungwa. Je, hilo linaingia wapi?

Kipimo_Tudor:

Faida nyingine ya herufi N, S na P ni hiyo: kwa ridhaa ya aliyekulipa, mpangaji apewe S, na zile P zinazogusa usalama wake. Mambo ya bei na ya nyumba kubwa hayamhusu.

Chumba kilichofungwa kiwe na mstari wake mwanzoni mwa S: "hakikukaguliwa, kilifungwa", tarehe, na nani aliombwa ufunguo. Ukikiacha kimya, msomaji atadhani kiko sawa. Majira nayo ni vivyo hivyo. Ukikagua Januari, kaskazi ikivuma na slabu imekauka kau, huna ushahidi kwamba haivuji. Ziba tundu la kutolea maji, jaza maji ya kina cha sm 2 juu ya slabu kwa saa 24 (tangi kwanza litolewe maji, na kama nondo zimeoza usijaribu kabisa), au uandike kwamba paa halikujaribiwa kwa maji.

Na uulize ramani iliyopitishwa na kaunti. SQ ipo humo au haipo, andika hivyo tu kwenye ukurasa wa kwanza wa S. Kama haimo, wakili wa mnunuzi alijue hilo kabla ya kulipa amana.