Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi: kampeni mlifanyia wapi, saa ngapi, na mwajiri alisemaje? Tupeane uzoefu

Mgombea Shangani (mleta uzi)
Salaam wakuu. Niko Mtwara mjini, kampuni siitaji, msinifuate inboksi kuniuliza. Nimechukua fomu ya ukatibu wa tawi, na wiki iliyopita saa nne ya chai nilisimama pale kwa mama ntilie, ndani ya uzio, nikaongea na watu kama kumi na tano. Sikupiga kelele wala sikugawa kitu. Kesho yake nikapewa barua ya kujieleza: "kufanya siasa eneo la kazi". Wakati huohuo katibu anayetetea kiti chake kapakiwa kwenye pikapu ya ofisi akaenda kuongea na shifti ya usiku, na supavaiza kasimamisha mashine ili asikike vizuri.

Kura ni mwisho wa mwezi. Waliopita njia hii, leteni yenu. Sitaki nadharia, nataka yaliyowakuta.

Fundi Chikongola
Umeshasaini hiyo barua?

Mgombea Shangani
Nimesaini kuipokea tu mkuu. Nimepewa siku tatu.

Mama Mbanguaji
Mwanangu pole. Nimebangua na kumenya korosho miaka kumi na moja kabla vidole havijakataa, nina la kusema hapo.

Sisi tulikuwa tunalipwa kwa kilo. Ukikaa kimya ukamenya, unapata. Ukiinua kichwa kumsikiliza mtu, kilo zinapungua na hakuna anayekufidia. Sasa ulipofika uchaguzi wa tawi, msimamizi akatangaza ni marufuku kampeni "muda wa kampuni". Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima, akamuuliza: muda wa kampuni ni upi, mbona nikienda chooni kampuni hainilipi? Akakosa jibu, akasema tusilete ujeuri.

Tulichofanya, mgombea wetu alikuwa anakaa meza ya katikati, akawa anaongea huku anamenya. Hasimami, haachi kisu. Wa meza ya kwanza anasikia, anampa wa pili, mpaka maneno yanafika dirishani. Ila yalikuwa yanafika yamegeuka! Yeye alisema ataomba glavu na mafuta ya kupaka mikono, maana yale mafuta ya ganda yanaunguza, ngozi inabanduka. Huko dirishani wakasikia atagawa mafuta ya kula. Siku ya kura wakaja na chupa.

Kashinda lakini. Glavu tulipata, za mpira mwembamba, zikawa zinachanika siku ya pili. Mafuta ya kupaka hatukuyaona, na ya kula mpaka leo wananidai mimi kwa sababu nilikuwa mpambe wake.

Nachotaka kukuambia ni hiki: huyo wa mashine kusimamishwa, wenzako wa shifti ile walilipwa dakika hizo au walikatwa? Ulizia. Kama walilipwa, basi kampuni ndiyo iliyomfanyia kampeni.

Mgombea Shangani
Mama hilo sikuliwaza kabisa. Nimeulizia, walilipwa kama kawaida.

Afisa Mstaafu Lindi
Nimekaa upande wa pili wa meza, utumishi, zaidi ya miaka ishirini. Nitasema na makosa yangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 60, inampa mwakilishi wa chama kilichosajiliwa haki ya kuingia eneo la mwajiri: kuandikisha wanachama, kuwasiliana nao, kufanya mikutano, na inataja mpaka kupiga kura zinazotakiwa na katiba ya chama. Mwajiri anaruhusiwa kuweka masharti ya muda na mahali, mradi yawe ya busara na yawe ya lazima kulinda maisha, mali, au kuzuia kazi isivurugike. Kampeni za ndani, nani aongee siku ngapi na atumie nini, hayo unayakuta kwenye katiba ya chama na kanuni zake za uchaguzi. Kaiombe. Matawi mengi katiba imefungiwa kwenye droo ya katibu, na katibu ndiye mgombea!

Kosa langu: mwaka mmoja niliandika tangazo la mistari miwili, "kampeni zote ni marufuku ndani ya uzio". Nikajiona nimetenda haki, si nimewakataza wote? Kumbe aliyepo madarakani hahitaji kampeni. Anaingia kila idara kwa kazi za chama, anakusanya kero, anasalimia, anacheka na watu. Mpya ndiye aliyebaki nje ya geti. Nilikuja kuling'amua kura zimeshahesabiwa. Na nisiwe mnafiki, wakubwa zangu walifurahi, kwa sababu yule wa zamani walikuwa wamemzoea.

Uchaguzi uliofuata tuliweka hivi: saa ya chai, saa ya chakula na baada ya kutoka, ruksa kwa wote. Kwenye mitambo hapana. Ubao mmoja, kila mgombea karatasi moja. Gari la ofisi halibebi mgombea yeyote.

Kijana, jibu barua kwa adabu, uliza tangazo la kukataza liko wapi na kama linamhusu na mwenzako. Na wakikuachisha kazi kwa sababu ya shughuli halali za chama, kifungu cha 37 kinasema hiyo si sababu halali, lakini una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine siku 60. Watu nimewaona wanamaliza mwezi mzima wakisubiri kiongozi wa wilaya apokee simu.

Ticha wa Newala
Nashukuru mzee, umenichoma na mimi. Sisi walimu kampeni zinakuja na bodaboda. Mgombea anazunguka shule kwa shule, saa tatu asubuhi yupo ofisini, mkuu wa shule naye ni mwanachama na ana mtu wake, kengele inasahaulika. Mimi niliacha darasa la nne dakika arobaini nzima nikisikiliza sera. Niliporudi walikuwa wanapiga madawati wanaimba jina la mgombea, maana dirisha lilikuwa wazi. Waliimba wiki nzima. Mzazi mmoja akaniuliza huyo ni diwani mpya?

Ila kilichoniuma ni rimu. Karatasi za mtihani wa mwezi zilichapiwa vipeperushi vya mgombea, mtihani tukauandika ubaoni. Hakuna aliyesema kitu, na mimi nilikaa kimya kwa sababu alikuwa mgombea wangu.

Msomaji Masasi
Ticha, hiyo rimu ingekuwa Marekani ingeweza kurudisha watu kwenye kura. Wana sheria ya 1959 inayokataza fedha ya chama au ya mwajiri kumbeba mgombea kwenye uchaguzi wa viongozi wa chama. Na fedha wanahesabu mpaka fotokopi, gari, na muda unaolipwa mshahara. Mwajiri mwenyewe si lazima awe wako, hata mwenye duka la kuchapa akimpunguzia bei mgombea mmoja, ni tatizo. Ikionekana huenda imebadili matokeo, mahakama inaweza kuamuru uchaguzi urudiwe.

Fundi Chikongola
Kwa hiyo mama ntilie akimwongezea mgombea kipande cha samaki?

Msomaji Masasi
Naye ni mwajiri kama ana msichana wa kuosha vyombo 😂

Karani wa Ghala
Nyie mnahangaika na uzio. Mimi nilikuwa karani wa ghala, sisi kampeni zote zilikuwa barazani kwenye kahawa, jioni. Hakuna barua, hakuna supavaiza. Tatizo nje ya geti kila mtu anakuja na mfuko wake. Mwaka huo kura ziliangukia Novemba, mabibo (matunda ya mkorosho) yamejaa, na mgombea mmoja akaleta madumu ya uraka, ile pombe ya mabibo, usiku wa kuamkia kura. Walikunywa watu wake wote. Asubuhi kura saa mbili, waliofika kwenye foleni ni wa mpinzani na wale wa swala tano. Kashindwa kwa uraka wake mwenyewe.

Mama Mbanguaji
Huyo namjua! Msimtaje.

Dada wa Mingoyo
Mimi fupi. Niligombea uwakilishi wa wanawake. Shifti yetu inatoka saa kumi na mbili jioni, na hizo baraza za kahawa hakuna mwanamke anayekaa. Nikienda nyumba kwa nyumba, waume wanauliza natafuta nini. Kwa hiyo mkisema "kampeni nje ya kazi" mjue mmeshachagua nani atasikika. Saa ya chakula ndani ya uzio ndiyo iliyonipa kura.

Mgombea Shangani
Wakuu mrejesho. Nilijibu kama mzee wa Lindi alivyosema, nikauliza tangazo liko wapi, na nikauliza kwa adabu dakika za shifti ya usiku zimeandikwa wapi. Barua yangu haijajibiwa, ila leo asubuhi ubaoni kuna karatasi mpya: kampeni ruksa Alhamisi, saa saba mpaka saa nane, chini ya mkorosho wa karibu na geti, wagombea wote. Nimepita hapo sasa hivi. Mwenzangu kashawahi, kapanga viti vya plastiki, nembo ya ofisi imeandikwa mgongoni.

Mama Mbanguaji
Wewe nenda na mkeka.