Naomba ushauri: kaktasi moja inapauka, nyingine inaoza

Habari zenu wakuu. Nimenogewa na kaktasi mpaka dirisha zima limejaa. Ninayo ya mviringo kama mpira, miiba yake ya dhahabu. Ninayo yenye nywele nyeupe utadhani kibabu. Na kale kadogo kenye kichwa chekundu. Kumbe hako ni mimea miwili iliyounganishwa! Kichwa hakina ukijani wa kujitengenezea chakula, kinalishwa na shina la chini.

Sasa ile ya nywele imeanza kurefuka, ncha imekuwa nyembamba na imepauka. Nahisi ni mwanga hafifu, ila nikiitoa ghafla kwenye jua kali si itaungua? Na huo wembamba utajaa tena, au nikate?

Ya mpira ndiyo inaniumiza zaidi. Juzi niliigusa karibu na udongo, kidole kikazama. Pamelainika na kuwa kahawia. Nakiri nilikuwa namwagilia kila baada ya siku mbili (mapenzi hayo!). Nikikata mpaka sehemu nzima, niache kidonda kikauke siku ngapi ndipo nipande upya? Na mchanga nichanganye kiasi gani kwenye udongo?