Die Hard: Hans alishindwaje kugundua kwamba bastola aliyopewa haina risasi?

Mtazamaji wa Usiku

Wakuu, salaam. Juzi nilirudia kuitazama Die Hard ya mwaka 1988, na kuna tukio moja ambalo limekataa kunitoka kichwani. John McClane, polisi wa New York, anakutana na Hans Gruber, kiongozi wa genge lililoteka jengo, kwenye ghorofa za juu. Hans anajifanya mfanyakazi wa ofisi aliyeponyoka, McClane anamkabidhi bastola, na muda mfupi baadaye Hans anamgeuzia mtutu na kuvuta kifyatulio, lakini kinachosikika ni mgongano wa chuma tu. Inakuwaje mtu aliyepanga kuteka jengo zima, na ambaye mapema usiku uleule alimpiga risasi mkuu wa kampuni kwa mkono wake mwenyewe, ashike bastola tupu asijue? Sijawahi kushika silaha maishani, kwa hiyo sifahamu kama tofauti ya uzito inahisika. Naomba pia mwenye ujuzi anieleze iwapo silaha za filamu ile zilichaguliwa kwa makusudi, maana naona kila mhusika ana ya kwake.

Mgambo Mstaafu

Ndugu Mtazamaji, bastola ile ni Beretta 92F kutoka Italia. Ikiwa tupu ina uzito wa karibu gramu 950, na magazini yake hubeba risasi 15 za milimita 9. Risasi moja ina takriban gramu 12, hivyo magazini iliyojaa huongeza kama gramu 180, uzito ambao mkono uliozoea bastola hiyohiyo hauwezi kuukosa. Mkono wa Hans, hata hivyo, umezoea kitu kingine kabisa. Yeye hutumia Heckler & Koch P7M13 ya Kijerumani, ambayo ina wenzo mrefu mbele ya mpini: ukiukaza kwa vidole bastola inajikoki, ukiuachia inarudi katika hali ya usalama. Kwa maneno mengine, P7 humjulisha mshikaji kupitia kiganja kwamba iko tayari, ilhali Beretta haina lugha hiyo.

Beretta nayo ina alama yake, ila ni ndogo. Upande wa kulia, pale maganda yanapotokea, kuna kipande cha chuma ambacho hujitokeza kidogo na kuonyesha rangi nyekundu iwapo kuna risasi ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kwenye mwanga hafifu wa ghorofa ambayo ujenzi wake haujakamilika, kukitambua kunahitaji mtu ainamishe kichwa na kukitafuta. Hapo ndipo ninapomlaumu Hans, kwa sababu sisi tulifundishwa kwamba ukipokea silaha kwa mtu yeyote, hata awe ndugu yako wa damu, unachomoa magazini kwanza na kuangalia chemba kabla ya kusema asante.

Bint Pangani

Kaka Mgambo, ufafanuzi wako wa kitaalamu nimeufurahia, ila kwa maoni yangu jibu liko katika mazungumzo yao zaidi kuliko katika chuma. Kumbuka kwamba kabla ya kumpa bastola McClane anamuuliza kama anajua kuitumia, na Hans anajibu kwamba aliwahi kwenda mwishoni mwa wiki kucheza ule mchezo wa kupigana kwa bunduki za rangi. Mtu aliyejieleza hivyo hawezi kuchomoa magazini na kukagua chemba kama askari, kwani angekuwa amejifichua palepale. Uongo wake mwenyewe ndio uliomfunga mikono. Ninaamini McClane alimtegea mtego huo kwa kujua: kama ni karani kweli, bastola tupu haitamdhuru mtu, na kama si karani, ataonyesha rangi yake halisi.

Mgambo Mstaafu

Hilo nalikubali, ingawa Hans alipata nafasi ndogo ya kuikagua McClane alipompa mgongo.

Kasri la Nne

Niongezee kuhusu uchaguzi wa silaha, na nitangulize kwamba mimi niliiona filamu hii mara ya kwanza kwenye banda la video, ambako mtafsiri wetu aliita kila bunduki SMG, kama zinavyofanya taarifa za polisi. Zile fupi wanazobeba wenzake Hans zinaigiza MP5, bunduki iliyopata umaarufu mikononi mwa GSG 9, kikosi cha Kijerumani cha kupambana na magaidi. Kwa hiyo genge hili linatumia silaha inayofahamika kwa kuwawinda watu wa aina yao. Kwa uhalisia zilikuwa ni HK94, toleo la kiraia lenye mtutu mrefu lililouzwa Marekani, ambazo mafundi wa filamu walizikata mitutu na kuzibadilisha ili zimimine risasi mfululizo. Karl, mmoja wa wenzake Hans, peke yake anabeba Steyr AUG ya Austria, ambayo magazini yake iko nyuma ya kifyatulio, na umbo hilo geni linamtenga na wenzake hata akiwa kimya.

Cha ajabu ni McClane. Polisi wa New York mwaka ule walikuwa bado wanatumia rivolva, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, na waliruhusiwa kuhamia bastola za milimita 9 mwaka 1993 tu. Anayebeba silaha inayolingana na askari wa kawaida wa zama zile ni Sajini Powell, polisi wa Los Angeles katika filamu, mwenye rivolva yake.

Risasi zilikuwa baridi, yaani zina baruti bila kichwa, lakini zilijazwa kupita kawaida ili moto na mlio viwe vikubwa. Bruce Willis alifyatua Beretta akiwa chini ya meza, na amewahi kueleza mwenyewe kwamba tangu hapo sikio lake la kushoto halisikii sawasawa.

Mtazamaji wa Usiku

Nawashukuru sana. Dada Bint Pangani amenimaliza kabisa na hoja ya karani. Je, kuna namna ya kuitambua HK94 iliyokatwa kwa macho tu?

Kasri la Nne

Ipo. Simamisha picha utazame ncha ya mtutu: MP5 halisi ina vijino vitatu vya kufungia kifaa cha kuzuia mlio, na zile za kwenye filamu ni laini.