Gari ya milango miwili kwa mtu wa Dodoma: GT86, 325i au Skyline?

Mtoto_wa_Iyumbu
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga. Nakaa Iyumbu, kazini Mtumba, nna mke na mtoto wa miaka mitatu. Miaka yote naendesha IST, haijawahi kunilaza njiani ila siipendi, yaani nikifika nyumbani sikumbuki hata kama nimeendesha. Sasa nimejibana kidogo nataka kuagiza kupe ya milango miwili (ya kwenye magari, sio ya ng'ombe za wajomba zangu). Nimebakiwa na tatu: Toyota GT86, BMW 325i ile ya bodi ya E92, na Nissan Skyline V36 ya milango miwili. Isiniue mgongo maana kila mwezi nashuka Moro na mara moja moja Iringa kwa Mtera, ibebe vitu, na iwe na raha. Najua mtaniambia chukua Harrier. Sitaki Harrier.

boksa86
Mkuu mi nnayo 86 huu mwaka wa pili. Raha usiulize, injini ya boksa (silinda zake zimelazwa ubavu zikipeana migongo) imelala chini kabisa, 2.0 yenye farasi 200, inasukuma matairi ya nyuma na gari lenyewe jepesi, zile kona za Nyang'oro ukitoka Mtera kwenda Iringa unatamani ugeuze urudie. Na sio lazima ukimbie ndo uone raha, hata kwenye 80 unaisikia, kwa hiyo tochi hazinisumbui sana. Ila starehe hamna nisikudanganye, shokapu ngumu, kelele za tairi zote zinaingia ndani, ukifika Moro unajinyoosha kwanza ndo unasalimia watu. Afu iko chini, sentimita 13 tu, matuta nayapanda kwa ubavu kama kaa. Buti ndogo, ila siti ya nyuma ukiilaza yote zinaingia tairi nne. Ukipata ya 2012 au 2013 ulizia kama ilifanyiwa ile kazi ya springi za valvu, kampuni yenyewe iliziita zirudi.

Mzee_wa_Nala
Kwa safari zako chukua 325i kijana. Nyuma wanakaa watu wawili wazima, buti inakaribia mara mbili ya hiyo 86, na kwenye lami inatulia mpaka abiria analala. Cha kwanza ukiipata nunua spea tairi, nasema kabla hata ya kubandika namba, maana zilitoka kiwandani na ranflati, zile tairi zinazotembea kidogo hata zikiisha upepo, na mahali pa spea hapapo. Mi nilikanyaga jiwe usiku nikitokea Singida, kabla ya Manyoni, ubavu ukachanika, na ranflati ikichanika ubavu haizibiki, nikalala mle ndani na koti langu mpaka asubuhi. Sasa hivi spea inakaa ndani ya buti, inakula nafasi, ndo maisha.

fundi wa Chang'ombe
Niongezee hapo kwa mzee. Injini ya hiyo 325i, N52, ni nzuri ila pampu ya maji ni ya umeme, haianzi kuvuja ukaiona, inazima tu ghafla, na kwa jua letu hili ukiendelea kuendesha silinda hedi inapinda. Ukiagiza gari ya umri huo badilisha pampu na themostati (inayodhibiti joto la maji ya injini) hata kama zinafanya kazi. Skyline injini haina shida, ila cc 3700 kwa foleni ya asubuhi ya kwenda Mtumba utalia sheli. Na ushuru wa bidhaa ukizidi cc 2000 unapanda toka asilimia 5 mpaka 10, 86 ina 1998 kwa hiyo inapenya kiduchu. E92 waliacha kutengeneza 2013, zote wazee, uchakavu huukwepi.

mama Tumaini
Kaka hapo kwenye mtoto mmepita haraka. Milango ya hizo gari ni mirefu, ukipaki sokoni katikati ya magari mawili haifunguki vizuri, na we ndo unatakiwa uiname umfunge mtoto nyuma huku siti ya mbele imekunjwa. Na siku mmetoka Kibaigwa na gunia la mahindi mtaliweka wapi, mapajani? Usiuze IST.

Mtoto_wa_Iyumbu
Nimerudi wakuu. Jamaa mmoja Ilazo katuruhusu tujaribu 86 yake, wife kakaa nyuma kichwa kikagusa kioo, akaanza kucheka mwenyewe. Nikazunguka nayo ring road dakika kumi, basi, moyo ushaenda. Siuzi IST tena. Wife kakubali ila kwa masharti: IST inakuwa yake, na mafuta naweka mimi zote mbili.

boksa86
Karibu sana. Ukiipata nishtue, kuna njia ya kupita Iyumbu yenye matuta mawili tu.