PS5 ya dijitali ama ya CD? Naomba ushauri

Habari zenu wadau, naomba mawazo yenu kabla sijatoa pesa.

Niko na PS4 (mashine ya gemu ya Sony, PS5 ndiyo iliyoifuata) tangu 2018 na CD kama kumi na nne, nyingi nilinunua mtumba ama tukabadilishana na mabeste hapa Umoja. Sasa nimeweka akiba ya PS5, jana nikashuka Luthuli Avenue kuulizia, muuzaji akanisukumia ile ya dijitali ati ni nafuu na CD zimepitwa na wakati. Lakini ile haina pa kuingizia CD, so gemu zangu zote zitakaa tu kwa droo, na kwa PS5 ya CD karibu zote zingecheza. Na ukweli hii mambo ya dijitali inaniuma sana, unalipa pesa yako yote alafu huwezi uza, huwezi azima jirani, gemu ya mpira inatoka mpya kila mwaka na ile ya zamani inabaki kwa akaunti bure. CD nikichoka nayo nauza, naongeza kidogo, nachukua ingine.

Nimesoma kwamba dijitali za Slim, zile PS5 nyembamba za 2023, unaweza nunua sehemu ya CD kando ukabandika baadaye. Nimeuliza maduka matatu tao, hawana.

Kuna mtu ameipata hapa Nairobi na inafanya poa? Ama ningoje miezi miwili nichukue ya CD moja kwa moja? Dijitali gemu zote lazima udownload, na waifai yetu ni ya ploti nzima na gemu ingine inapita GB 100.